Vyakula vya Kupoza kwa Mzazi Anayekaa Mwezi wa Kichina

Katika desturi ya Kichina iitwayo zuo yuezi, maana yake "kukaa mwezi", mwanamke aliyejifungua hutulia ndani kwa siku 30, na katika familia nyingine 40, akilindwa dhidi ya upepo na kulishwa vyakula vya kumrudishia damu na nguvu. Anayempikia, awe mama mkwe, mama yake mwenyewe au yuesao, yaani mlezi wa kulipwa anayehamia nyumbani kwa kipindi hicho, hupewa amri moja kabla ya nyingine zote: mzazi asile kitu baridi. Tikitimaji, peasi, tango, karela, tofu, kaa na mwani huondolewa jikoni mara moja, na mahali pake huingia tangawizi, mafuta ya ufuta, pombe ya mchele, kuku na sukari ya kahawia. Amri hiyo ina mantiki yake, ila wapishi wazoefu wa yuezi hawaichukulii kama marufuku ya moja kwa moja, kwa kuwa hutumia vyakula vya kupoza mara nyingi kuliko wanavyokiri. Wanachokijua ni siku ya kuanza, kiasi cha kutia, na namna ya kuvipika ili vipoze bila kudhoofisha, na ujuzi huo ndio unaoelezwa hapa.

Baridi isiyopimwa kwa kipimajoto

Tiba ya jadi ya Kichina hugawa vyakula kwa tabia tano: han, ambayo ni baridi hasa, liang, ambayo ni ya kupoza kidogo, ping, ambayo haielemei upande wowote, wen, ambayo hupasha kwa upole, na re, ambayo ni ya moto. Tabia hiyo haina uhusiano na namna chakula kinavyohisiwa mkononi. Kikombe cha chai ya kijani kinachofuka mvuke huhesabiwa kuwa kinywaji cha kupoza, na nyama ya kondoo iliyotoka sasa hivi kwenye jokofu hubaki kuwa nyama ya kupasha. Pamoja na mgawanyo huo lipo katazo la pili, la shengleng, yaani vitu vibichi na vilivyopozwa, ambalo linahusu barafu, maji ya jokofu, saladi na samaki wasiopikwa. Watu wengi huchanganya makatazo haya mawili, wakadhani kwamba peasi lililochemshwa limegeuka kuwa chakula cha moto, au kwamba tunda la kawaida kama tufaha limekatazwa mwezi mzima kwa sababu tu huliwa bichi.

Kwa nadharia hiyo, kujifungua humpotezea mwanamke damu na qi, nguvu inayozunguka mwilini, na kumwacha katika upungufu uitwao xu. Baridi ikimwingia wakati huo huaminika kuigandisha damu ya nifasi isitoke yote, kudhoofisha tumbo, na kuleta maumivu ya viungo yanayodumu miaka. Lakini nadharia hiyohiyo inasema kwamba damu ni sehemu ya yin, upande wa unyevu na ubaridi, hivyo aliyepoteza damu na jasho amepoteza pia kile kinachoupoza mwili wake. Ukimpa tangawizi, pombe na ufuta asubuhi, mchana na jioni, unachochea kuni chini ya sufuria iliyokwisha kupungua maji. Matokeo yake yana jina linalojulikana katika kila nyumba ya Kichina: shanghuo, yaani kupandwa na moto.

Mfano mzuri wa kwamba desturi yenyewe haikuwahi kukataa ubaridi wote ni uji wa xiaomi, nafaka ndogo ya njano inayofanana na uwele. Katika mikoa ya kaskazini mwa China uji huo, ukiwa na sukari ya kahawia na mayai, ndio chakula cha kwanza cha mzazi, wala hakuna bibi anayeutilia shaka. Ukifuata mgawanyo wa tabia za vyakula, hata hivyo, xiaomi imo katika kundi la liang. Inapoza kidogo, sukari ya kahawia inapasha kidogo, na bakuli zima linatulia katikati. Mapishi mengine yote ya mwongozo huu yamejengwa juu ya hesabu hiyohiyo.

Msome mzazi kwanza

Kabla ya kuamua kama leo utatia kitu cha kupoza, mwangalie mzazi mwenyewe, kwa maana kalenda pekee haitoshi. Mzazi aliyepandwa na moto huwa na midomo mikavu, vidonda mdomoni, kiu ya mara kwa mara, choo kigumu, mkojo mchache wenye rangi nzito, na ulimi mwekundu wenye utando wa njano. Pengine hukosa usingizi hata mtoto anapolala. Huyo anahitaji kupozwa, na kumwongezea supu ya kuku kwa pombe ni kumzidishia taabu. Mzazi aliye upande wa pili huharisha au hupata choo laini, mikono na miguu yake ni baridi, ulimi wake umepauka, na tumbo la chini humuuma kisha hupata nafuu akiwekewa kitu cha moto. Kwa huyo, acha peasi na madodoki kwa siku kadhaa.

Wapo wanaochunguza pia kinyesi cha mtoto, wakiamini kwamba kikiwa kijani mama amekula kitu baridi. Kwa mtoto anayenyonya, rangi ya kijani mara nyingi ni jambo la kawaida, nami nisingemnyima mama mboga kwa sababu ya nepi moja.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kuingizwa kabisa katika mjadala wa moto na baridi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, damu ya nifasi yenye harufu mbaya, kichwa kinachouma sana, au mguu mmoja uliovimba na kuuma. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo, na hakuna supu inayozitibu.

Namna ya kupunguza makali ya ubaridi

Njia ya kwanza ni tangawizi, hasa ile iliyokomaa yenye ganda gumu, ambayo Wachina huiita laojiang. Kata vipande vyembamba vitano au sita, vikaange katika kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta kwa moto mdogo hadi kingo zake zianze kujikunja, ndipo utie mboga. Moto ukiwa mkali mafuta hayo huungua na kuwa machungu, na wapishi wa Taiwan, ambao kuku wao wa mafuta ya ufuta ni alama ya mwezi huo, husema kwamba mafuta yaliyoungua ndiyo yanayompandisha mzazi moto kuliko tangawizi yenyewe. Mboga za majani zenye tabia ya kupoza, kama mchicha, spinachi na figili za majani, zichovye kwanza katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, zichuje, kisha uzipitishe katika mafuta hayo.

Njia ya pili ni muda. Kupika polepole kwa mvuke au katika supu hubadili tabia ya baadhi ya vyakula, na mfano unaotajwa zaidi ni mzizi wa yungiyungi: mbichi ni wa baridi na huliwa kukata kiu, lakini ukichemshwa saa mbili pamoja na mbavu za nguruwe huhesabiwa kuwa wa kupasha na wa kujenga damu. Figili nyeupe nayo huhama kutoka kupoza hadi katikati inapoiva vizuri. Njia ya tatu ni kuoanisha, yaani kila kitu cha kupoza kipewe mwenzake wa kupasha katika sufuria moja, kama kunazi nyekundu zilizokaushwa, longani (tunda dogo tamu la Kichina), pilipili manga nyeupe kidogo au sukari ya kahawia. Kanuni ninayoipendekeza kwa asiye na uzoefu ni kitu kimoja tu cha kupoza kwa siku mwanzoni, ili mzazi akiharisha ujue kilichomharisha.

Dodoki changa, sigua kwa Kichina, ndilo la kuanzia. Ni tunda la tabia ya kupoza, na bado tiba ya jadi hulisifu kwa mzazi kwa sababu huaminika kufungua njia za maziwa. Menya dodoki moja la gramu 300 hivi, onja kipande kibichi kwa ncha ya ulimi, na likiwa chungu litupe lote, kwa kuwa uchungu huo ni alama ya sumu ambayo kupika hakuiondoi. Likiwa tamu, likate vipande vinene. Kaanga tangawizi katika mafuta ya ufuta kama ilivyoelezwa, vunja mayai mawili humo uyageuze yakishikamana, mimina maji ya moto mililita 600, na supu ikichemka na kuwa nyeupe tia dodoki. Dakika tano zinatosha. Tia chumvi kidogo mwishoni. Anayetaka supu nzito hutumia jiyu, samaki mdogo wa mtoni na ziwani, badala ya mayai, akimkaanga pande zote mbili kwanza, na wengine huongeza tofu, ambayo nayo ni ya kupoza. Hapo tangawizi iongezwe mara mbili.

Peasi ni dawa ya koo kavu na midomo iliyopasuka, lakini asipewe bichi. Kata juu kama kifuniko, toa kokwa, weka ndani kunazi nyekundu mbili zilizotolewa mbegu, vipande viwili vya tangawizi na kipande kidogo cha sukari mawe, kisha rudisha kifuniko ulipike kwa mvuke dakika 40. Nusu yake kwa siku inatosha, pamoja na maji yaliyojikusanya ndani, ambayo ndiyo yenye faida zaidi. Mzazi aliyekuwa na kisukari cha mimba asitiwe sukari humo kabisa, na kunazi zihesabiwe, kwa sababu nazo ni tamu mno.

Matunda mengine hayahitaji kazi yote hiyo. Tufaha, zabibu, papai lililoiva, pichi na cheri hayana ubaridi mkubwa, na baadhi yake hupasha. Yaache yapoteze baridi ya jokofu, au yatumbukize katika maji ya moto dakika kumi kabla ya kumenya, na bibi mkali kuliko wote atakuwa na neno dogo tu la kusema. Miongozo ya lishe iliyotolewa na Chama cha Lishe cha China mwaka 2022 inamtaka mama anayenyonyesha ale gramu 400 hadi 500 za mboga na gramu 200 hadi 350 za matunda kila siku, bila kumtenga aliye katika mwezi wa uzazi. Ukosefu wa mboga ndio unaowaletea wazazi wengi choo kigumu na bawasiri, na hilo ni tatizo ambalo tiba ya kisasa na ile ya jadi hukubaliana juu yake, ingawa kila moja hulieleza kwa lugha yake.

Wiki kwa wiki

Katika wiki ya kwanza mwili unatoa damu ya nifasi na tumbo bado ni dhaifu, kwa hiyo vyakula vya kupoza viishie kwenye uji wa xiaomi, mboga za majani zilizoiva kwa tangawizi, na tufaha lililochemshwa. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari, na desturi humtaka kwanza atoe hewa tumboni ndipo ale chakula kamili. Wiki hii ndiyo pia ambayo hupaswi kumshindilia supu za mafuta, jambo ambalo husahauliwa kwa furaha ya mtoto; maziwa yanaweza kuja kwa wingi kabla mtoto hajaweza kuyamaliza.

Kuanzia wiki ya pili dodoki na mzizi wa yungiyungi huingia. Wiki ya tatu na ya nne ndipo mezani panapochemka hasa: Taiwan huleta kuku wa mafuta ya ufuta, mkoa wa Fujian huleta kuku wa pombe nyekundu, na mkoa wa Guangdong hufungua chungu cha miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa tangawizi na siki tamu, ambacho mara nyingi huanza kuliwa baada ya siku ya 12. Kwa kuwa vyakula hivyo ni vya moto, ndipo vya kupoza vinapohitajika zaidi, na ni kosa la kawaida kuendelea kuvinyima kwa sababu tu mwezi haujaisha. Siku iliyo na kuku wa pombe iwe pia na bakuli la supu ya donggua, mung'unye mkubwa wenye vumbi jeupe juu ya ganda, ukipikwa na ganda lake na mbavu za nguruwe kwa saa moja. Supu hiyo hupendwa pia kwa mzazi ambaye miguu yake bado imejaa maji. Kuhusu pombe yenyewe, kuchemsha hupunguza kilevi lakini hakukimalizi, na kilichobaki hupita katika maziwa, hivyo sufuria iachwe wazi ichemke kwa muda mrefu, au pombe iachwe kabisa.

Vya kupoza ambavyo visiguswe

Kaa ni wa baridi hasa na tangawizi haimbadilishi vya kutosha. Subiri mwezi uishe. Choroko katika maji ya sukari, tikitimaji, karela, balungi na tunda la persimoni vimo katika daraja hilohilo, ingawa kipande kimoja cha tikitimaji siku ya joto kali katika wiki ya nne hakitamwangusha mzazi mwenye afya. Kombu na mwani mwingine vina sababu nyingine ya kuepukwa, ambayo haimo katika nadharia ya baridi: vina iodini nyingi mno, na iodini ikizidi hupita katika maziwa na inaweza kuvuruga tezi ya thairoidi ya mtoto. Maua ya huanghuacai, ambayo hupoza na hupikwa na nyama ya nguruwe kwa kuongeza maziwa, yanunuliwe yaliyokaushwa, yalowekwe na kupikwa vizuri, kwa maana yakiwa mabichi yana sumu iitwayo kolchisini. Na jihadhari na maiya, shayiri iliyochipua, ambayo watu huinywa kwa kusaga chakula tumboni: katika tiba ya Kichina hutumiwa kukausha maziwa.

Jambo la hatari kuliko yote katika orodha hii ni dawa za mitishamba za kupoza. Watu wa Guangdong wamezoea liangcha, chai chungu ya majani ya porini, kiasi kwamba mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mtu anayeona mzazi ana vidonda mdomoni hushawishika kumnunulia kikombe. Asifanye hivyo. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni wa kawaida kusini mwa China, na mtoto mwenye upungufu huo anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu na kupata manjano kali akifikiwa na vitu fulani, hata kupitia maziwa ya mama. Miongoni mwa vinavyokatazwa na idara ya afya ya Hong Kong kwa wenye hali hiyo ni dawa maarufu za kupoza: huanglian, ambao ni mzizi mchungu, ua la jinyinhua, ua la lamei, niuhuang, yaani jiwe la nyongo la ng'ombe, na unga wa lulu. Singapore iliipiga marufuku huanglian mwaka 1978 kwa sababu ya manjano ya watoto wachanga, na haikuiruhusu tena hadi mwaka 2013. Kabla mzazi hajaonja mtishamba wowote wa aina hii, uliza majibu ya kipimo cha G6PD cha mtoto, na hata yakiwa mazuri, mwachie kazi hiyo daktari wa tiba ya Kichina aliyesajiliwa. Mpishi apoze kwa mboga na matunda, asipoze kwa dawa.

Siku za joto na titi lililojaa

Mwezi wa uzazi ukiangukia Julai au Agosti, hesabu yote hubadilika. Magazeti ya China yameripoti vifo vya wazazi waliofungiwa vyumbani na kufunikwa blanketi nene kwenye joto kali, na hilo linatosha kumfanya mtu afungue dirisha. Kiyoyozi kitumike, kisielekezwe kitandani, na mzazi anywe maji ya uvuguvugu kila anapoona kiu bila kumhesabia vikombe. Katika majira hayo supu ya dodoki na ya donggua zianze mapema, tangu siku za mwisho za wiki ya kwanza kama tumbo lake liko sawa, na tangawizi ipunguzwe kwa nusu. Familia zinazopikia pombe ya mchele mahali pa maji ziache kufanya hivyo mpaka joto lipungue.

Titi likijaa, likawa gumu na lenye joto, simamisha siku hiyo supu nzito za miguu ya nguruwe na kuku, kwa sababu maziwa mengi zaidi ndiyo kitu cha mwisho linachokihitaji. Mpe wali laini, mboga za kuchovya na dodoki lililopikwa kwa mafuta machache. Mtoto aendelee kunyonya, na baada ya kunyonya titi likandwe kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi, jambo ambalo mama mkwe anaweza kulipinga kwa nguvu. Mweleze kwamba ubaridi huo ni wa juu ya ngozi, wa dakika kumi tu, na kwamba mgongo na miguu ya mzazi imefunikwa vizuri. Homa ikipanda au sehemu nyekundu ikizidi kupanuka, mpeleke kwa daktari bila kusubiri supu iive.